Niliiogopa bledi, moshi ukanipata

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani huwa najibu "fundi sakafu" na kuomba aishie hapo. Akiendelea, itabidi nimweleze kwamba wiki nzima nimekuwa nasukuma mashine juu ya mstari mwembamba wa zege, natoa uchafu uliojaa ndani ya jointi. Wengi hawajui hata kama sakafu ina jointi. Wanaona mistari, wanadhani ni pambo.

Zege likikauka linasinyaa, na likisinyaa lazima lipasuke mahali. Fundi anayejua kazi analichagulia pa kupasukia: analikata mapema, kina cha robo ya unene wake. Sakafu ya inchi 6, yaani milimita 150, inakatwa milimita 38 hivi, ufa unashuka chini ya ule mkato, juu panabaki pamenyooka. Kwa nyumba ya kuishi hiyo inatosha. Kwenye godauni haitoshi, maana kuna foklifti, na nyingi za ndani zina magurudumu madogo magumu kama jiwe. Gurudumu likivuka jointi iliyo wazi linadumbukia kidogo na kugonga ukingo wa pili. Likigonga hivyo asubuhi hadi jioni, ukingo unamegeka, jointi ya milimita 4 inakuwa mfereji wa kuingia vidole vitatu, na dereva anaanza kulalamikia mgongo. Hapo ndipo tunapoitwa. Tunasafisha jointi mpaka zege safi lionekane pande zote mbili, kisha tunajaza dawa ngumu ya epoksi au poliyurea inayoweza kubeba gurudumu. Silikoni ya madirisha, ambayo naikuta kila mara, haibebi kitu. Imeng'ang'ania tu mle ndani kama ubuyu kwenye jino.

Kazi yangu ya kwanza ya namna hiyo niliipata mwaka 2016, godauni moja hapa Dar, pembeni ya Barabara ya Nyerere, ambayo sisi tuliokulia Vingunguti bado tunaiita Pugu Road. Mita 40 kwa 60, jointi kila mita 4. Piga hesabu: mistari 9 ya mita 60 na mistari 14 ya mita 40, jumla mita 1,100. Mimi hesabu hiyo niliipiga baada ya kukubaliana bei.

Mashine ya kukatia zege, ambayo bledi yake ndiyo inayopita ndani ya jointi na kutoa uchafu, niliikodi kwa mzee mmoja wa Gerezani anayekodisha poka, kompakta na miksa. Ilikuwa ile ya kutembea nayo ukiisukuma kutoka nyuma, injini ya petroli, bledi ya almasi ya inchi 14. Kirikuu ya kuibeba ilikuwa inanisubiri juani, dereva anapiga honi, lakini mzee alinikalisha kwenye benchi karibu nusu saa. Ana umri wa baba yangu. Unamwambiaje aharakishe?

"Fundi, hii bledi inazunguka mara 2,800 kwa dakika. Unajua ukingo wake unakwenda kasi gani?"

"Sijui, mzee."

"Basi ukijua, utaacha kusimama mbele yake."

Nilikuja kukokotoa miaka mingi baadaye. Bledi ya milimita 350 ina mzunguko wa mita 1.1. Zidisha kwa 2,800, kisha kwa dakika 60, unapata kilomita 185 kwa saa hivi. Ile treni ya umeme ya kwenda Dodoma tunayoisifia, mwendo wake ni 160.

Akanionyesha mshale uliochorwa kwenye bledi na mshale ulio kwenye kifuniko, akanifanya niseme kwa mdomo wangu kwamba vinaelekea upande mmoja. Akanionyesha kasi ya juu iliyoandikwa kwenye bledi, kwamba lazima izidi kasi ya mashine. Akanipa spana, nikafunga na kufungua nati mpaka akaridhika. Kisha jambo ambalo hadi leo namfundisha kila anayeshika ile mikono miwili. Bledi iko upande wa kulia wa mashine, na wewe unasimama katikati ya mikono. Mtu mgeni hawezi kuvumilia kukaa katikati. Anataka aone bledi inakata wapi, kwa hiyo anaegemea kulia, polepole, bila kujijua, mpaka mguu wake unakuwa kwenye mstari uleule wa bledi. Cha kufuata si bledi, ni kile kijiti cha mbele kinachoelekeza. Kikiwa juu ya jointi, bledi nayo imo ndani ya jointi.

Kwa hiyo niliondoka Gerezani naiogopa bledi kama nyoka. Sikuwa na hofu ya kitu kingine chochote.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Nusu ya godauni ilijaa marobota ya mitumba, nusu nyingine ilikuwa wazi kwa ajili yetu. Mtunza stoo alikataa kufungua milango mikubwa: mvua itaingia, na vibaka wa mtaa ule anawafahamu kwa majina. Tukaachiwa kamlango kadogo ka pembeni, mimi na dogo mmoja wa Tandika, saidia fundi wangu. Tuliwasha mashine saa mbili asubuhi.

Saa nne kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni njaa. Tukatoka, tukanywa chai na chapati kwa mama ntilie chini ya mwembe, maumivu yakapungua, nikajiona daktari. Tukarudi ndani. Kwenye saa sita miguu ikawa mizito, na ule mstari wa jointi nikauona unapinda wakati najua haujapinda. Dogo alikaa juu ya robota, akasema, "Braza, naona malaria inanirudia," akainama akatapika. Nikamwambia apumzike, mimi nimalizie mstari.

Hilo ndilo ninaloona aibu kulisimulia. Mtu anatapika mbele yangu, nami nawaza mita 20 zilizobaki.

Aliyetuokoa ni mlinzi, aliyekuja kuomba kuchaji simu. Alifika mlangoni akaziba pua. "Nyie mnachoma nini humu?" Nilitaka kumjibu, ulimi ukawa haugeuki vizuri. Yeye hakungoja jibu. Alizima mashine, akamburuta dogo kwa kwapa, mimi nikamfuata nikishika ukuta.

Hospitalini tulisema wote wawili tuna malaria. Daktari, mama mtu mzima, akapima, hakuna kitu. Akauliza kama tulikuwa na jenereta ndani. Nikasema hapana. Akanitazama ovaroli yangu iliyojaa unga wa zege, akauliza tena, "Mashine yoyote ya mafuta?" Hapo ndipo nilipoelewa.

Tukiwa na mipira ya oksijeni usoni alitueleza. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Harufu aliyoisikia mlinzi ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, na sisi tuliokaa nao tangu asubuhi pua zilikwisha izoea. Gesi yenyewe inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikishapanda inakaa kwenye kiti na oksijeni inabaki kituoni. Nikamweleza habari ya chai iliyonipa nafuu. Alicheka kidogo. "Chai haikukutibu, baba. Ni ule mwembe mliokaa chini yake."

Ningependa kusema nilijifunza siku hiyo. Nilijifunza nusu. Nilichoondoka nacho ni kwamba milango ifunguliwe. Miezi mitatu baadaye nilipata kazi Mbagala, nikadai milango yote miwili iwe wazi, nikaleta na feni kubwa ya kusimama, nikaingiza mashine yangu ya petroli ndani kwa raha zangu. Saa tisa alasiri kichwa kikaanza kugonga pale pale, juu ya jicho la kushoto. Safari hii sikusingizia njaa. Nilizima, nikatoka, nikakaa nje kwenye tofali na hasira. Upepo wa mlangoni ulikuwa unapita, lakini sisi tulikuwa kwenye kona ya ndani kabisa, na feni ilikuwa inakoroga tu moshi uleule. Baadaye niligundua haya yaliandikwa zamani: NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilionya mwaka 1996 kwamba injini ndogo za petroli zisitumike ndani ya majengo, na kwamba milango wazi na feni si kinga ya kutegemea.

Nilimrudia mzee wa Gerezani na lawama. Akaniuliza, "Uliniambia unaipeleka ndani?" Sikumwambia. Mashine zake wanachukua watu wa barabara na watu wa mabomba, wanaokata juani. Yeye alinifundisha alichojua kitanipata huko.

Tangu hapo petroli haiingii ndani, hata godauni liwe na milango kumi. Natumia mashine ya umeme wa fezi tatu, ambao magodauni mengi yanao. Ni ghali zaidi kukodi, na ina shida zake. Kebo inataka mtu wake: mmoja anasukuma, mwingine anaibeba kebo begani nyuma yake, isilale kwenye maji wala isipite upande wa bledi. Na kuna hili la kwetu. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza, mafundi wanakaa, mmoja anaegemea mashine, simu zinatoka. Swichi imebaki imewashwa. Umeme ukirudi, kama mashine haina kizuizi chake, inaamka yenyewe na mtu yuko juu yake. Umeme ukikatika kwangu, cha kwanza ni swichi, cha pili ni kuchomoa plagi. Simu baadaye.

Sasa vumbi. Hapa bado naumia roho, maana hakuna njia rahisi.

Dawa ya vumbi ni maji. Ukikata na maji, vumbi linakuwa uji wa kijivu unaokwenda chini. Lakini dawa ya kujazia jointi inataka zege kavu, na Dar kwenye masika jointi iliyolowa haikauki leo wala kesho. Pia ule uji ukiuacha ulale, asubuhi unaukuta umeshika kwenye jointi uliyoisafisha jana. Godauni moja la Kipawa nilikata jointi zilezile mara mbili kwa sababu jioni tulichoka, tukasema tutaosha kesho. Kwa hiyo kwenye kusafisha jointi, mara nyingi tunakata kavu, na ukikata kavu bila mashine ya kunyonya vumbi iliyofungwa kwenye kifuniko cha bledi, bora usikate.

Nilikuwa sijui ubaya wake. Nilikuwa nafunga leso puani, kama mafundi wote niliokua nikiwaona. Siku moja, nafikiri ni Mbagala kulekule, tulimaliza saa kumi, tukazima, tukakaa kula miwa. Juu ya paa kulikuwa na mabati mawili ya plastiki ya kupitisha mwanga, na jua lilikuwa limeshuka upande wake. Mhimili wa mwanga ukasimama katikati ya godauni kama nguzo. Ndani yake vumbi lilikuwa linaogelea, jembamba mno, halishuki. Nje ya ule mwanga hewa ilionekana safi kabisa. Tulimaliza miwa, tukafunga vifaa, karibu saa nzima, na lilikuwa bado linaogelea.

Mchanga na kokoto za zege, zile ngumu za Lugoba hasa, zina madini yanayoitwa silika. Chembe unazoziona zikianguka si za kuhofia sana, zinanaswa puani na kooni. Zile zinazobaki juu ndizo zinazofika chini kabisa ya mapafu na kukaa, na mapafu yanaweka makovu kuzizunguka. Makovu hayo hayaponi, na silika hiyo iko kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tangu 1997. Marekani kikomo chao tangu 2016 ni maikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa, wastani wa zamu ya saa 8. Hiyo ni kama punje moja ndogo ya chumvi, uitwange, uipeperushe kwenye boksi la mita moja kila upande. Leso yangu ilikuwa inazuia nini?

Siku hizi tunavaa barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya kubadilisha, ndevu zimenyolewa maana zikiwepo hewa inapita pembeni. Jasho lake ni balaa, sidanganyi. Joto la Dar mwezi wa pili, ndani ya barakoa, unakunywa chumvi yako mwenyewe. Kwa hiyo tunaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na mtu hakai kwenye mashine zaidi ya dakika 40. Ufagio mkavu nimeupiga marufuku, kwa sababu unarudisha hewani kile ulichokwisha kukamata. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga, na kwa miaka mingi nilikuwa naisoma nikimfikiria mwajiri fulani. Mwajiri ni mimi.

Bledi nayo ilinipata mwishowe, ila si kwa namna niliyoiogopa. Nilinunua bledi ya bei chee Kariakoo. Imeandikwa waziwazi itumike na maji tu, na mimi niko kwenye kazi kavu. Nikasema mita chache hazina neno. Kumbe kwenye bledi nyingi za namna hiyo vile vipande vya almasi vya ukingoni vimelehemiwa kwa madini ya fedha, na bila maji joto linalegeza muungo. Mita ya 30 hivi sauti ya mashine ilibadilika, ikaanza kugonga, taka-taka-taka. Badala ya kuzima nikasukuma kwa nguvu. Kisha nikasikia "paa!" ukutani.

Tulipozima na bledi kusimama, ukingoni palikuwa na pengo kama jino lililong'olewa. Kipande chenyewe, kidogo kuliko kiberiti, kilikuwa kimetoboa bati la ukuta kwenye usawa wa paja. Dogo alikuwa amepita pale na ndoo kama dakika mbili kabla. Aliingiza kidole kwenye lile tundu, akachungulia nje, hakusema kitu.

Mzee wa Gerezani alipoiona ile bledi alisema nilikuwa naibana. Bledi haikati kwa nguvu zako, inakata kwa uzito wa mashine na uvumilivu. Ikianza kutoa cheche na kuteleza haijaisha, imepata ngozi: almasi zimefunikwa. Kata tofali moja la mchanga na saruji, mikato miwili mitatu, ule mchanga unaikwangua na almasi mpya zinachomoza. Ukikata kavu, kila baada ya mita chache inyanyue, iache izunguke hewani ipoe. Ndani ya jointi usijaribu kuikunja hata kidogo. Umekwenda nje ya mstari? Inua, rudi, shusha upya.

Mengine ni madogo ila yana gharama. Silikoni ya zamani itolewe kwanza kwa kisu cha ndoano, maana bledi inaiyeyusha na kujipaka yote. Jointi yote naipitia kwa magoti na tochi na sumaku, natafuta bolti za rafu zilizokatwa zikaachwa ndani, na namuuliza fundi umeme wa jengo nyaya za chini zimepita wapi. Masikio yazibwe. Mimi sikuyaziba miaka minne ya mwanzo, na sasa mke wangu akiniita kutoka jikoni anajua lazima aje mpaka sebuleni.

Wiki iliyopita tulikuwa Chang'ombe. Dogo wa Tandika ndiye anayesukuma siku hizi, mimi mgongo umekataa, nabeba kebo. Tulichora chaki pande zote mbili za mstari wa kazi, mbele mpaka ukutani, ambapo mtu haruhusiwi kuvuka. Mwenye godauni aliingia na makubazi, simu sikioni, anatembea moja kwa moja mbele ya mashine aone tumefika wapi. Dogo alikata swichi, akainua mkono. Mzee akaendelea kuja.

"Shikamoo, mzee! Naomba usimame hapo kwenye chaki."

"Marahaba. Kwani si umeshazima?"

"Nimezima, mzee. Yenyewe bado haijajua."

Akasimama. Tukasubiri wote watatu, tukiisikiliza inavyopungua, mpaka ikatulia.